Bamba la Mama Keki

Benedicte alikuwa ameinamia keki ya ubatizo, mkono mmoja umeshika mfuko wa krimu na mwingine ukifukuza nzi, wageni walipobisha hodi. Walikuwa watatu: Asanasio, katekista mstaafu ambaye sasa ni mwenyekiti wa mtaa; Swalik, mwanajeshi wa zamani ambaye hata mkewe humwita Afande; na Mama Tabisa, mjane anayelima maharagwe nyuma ya kigango. Walikataa kukaa. Benedicte akadhani wameleta habari ya msiba.

"Mtaa umekutana," Asanasio akaanza, "na tumekubaliana kuwawekea bamba la kumbukumbu wenzetu wanne waliouawa miaka ile ya waasi. Bamba la shaba, ukutani pale kigangoni. Sasa tunatafuta mtu wa kulichora..."

"Nimekubali," akasema Benedicte.

"Sijamaliza."

"Maliza tu, baba. Lakini nimekubali."

Sababu ya kumwendea yeye ilikuwa keki. Mwaka uliopita aliandika jina la Asanasio na la mkewe juu ya keki ya jubilei yao ya ndoa, na herufi zilinyooka hata wageni wakakataa ikatwe mpaka kila mmoja aipige picha. Kwa hesabu za mwenyekiti, mtu anayeweza kuandika juu ya krimu inayoyeyuka hatashindwa na chuma kisichokwenda popote. Benedicte hakuona kosa lolote katika hesabu hiyo. Alikuja Bwera, upande wa Uganda, kutoka Butembo, ng'ambo ya mpaka huko Kongo, akiwa na sufuria mbili na mtoto mgongoni, na tangu hapo mtaa mzima ulimwita Mama Keki. Jina zuri, lakini ni jina la mtu anayeitwa watu wakiwa na sherehe na kusahauliwa sahani zikioshwa. Sasa aliitwa kwa jambo la kudumu.

Siku hiyohiyo akawa msanii. Alichomeka penseli nyuma ya sikio akaenda nayo sokoni, akiomba moyoni mtu amuulize ni ya nini. Alizunguka kwa wauza nyanya, akapita kwa wauza mitumba, akarudi kwa wauza nyanya. Hakuulizwa. Ni muuza vitunguu tu aliyemwambia kwa huruma, "Mama Keki, una kijiti kwenye nywele."

Mchoro wa kwanza aliutolea jasho. Aliupeleka kwenye kikao barazani pa kigango, ameuviringisha na kuufunga utepe. Vikao hivyo viliendeshwa kwa Kiswahili kwa sababu ya Afande Swalik, ambaye kwao ni Arua, mbali kaskazini, na ambaye, pamoja na miaka yote aliyokaa Bwera, Lhukonzo chake, lugha ya pale, kiliishia kwenye salamu na kununua ndizi. Benedicte akaufungua mchoro, akaushika juu kama padri anavyoinua Injili.

"Hapa iko milima ya Rwenzori na theluji yake," akaeleza. "Theluji inaonyesha roho safi. Hapa kuna tawi ya kahawa, ni jasho ya watu wetu. Huu utepe unazunguka, ni umoja. Hii mawimbi-mawimbi ya pembeni ni maisha, leo juu, kesho chini. Na hapa katikati..."

"Hapa katikati ni kuku," akasema Afande.

"Haiko kuku, Afande. Iko njiwa. Njiwa ya amani."

"Njiwa gani ana mapaja hivyo?"

Asanasio alikohoa, akasema kwamba Roho Mtakatifu anaweza kuchorwa kwa namna nyingi. Mama Tabisa aliukaribia mchoro, akautazama kwa adabu, kichwa upande huu, kichwa upande ule.

"Ni mzuri sana," akasema hatimaye. "Ila nikiutazama nasikia njaa."

Benedicte aliugeuza mchoro akautazama yeye mwenyewe, na hapo akaona walichokiona wenzake. Milima ilikuwa imemwagiwa sukari. Mawimbi ya maisha yalikuwa yaleyale mawimbi ya krimu anayozungushia keki za arusi. Hata matunda ya kahawa yalikaa kama cheri. Alikuwa amewachorea marehemu wanne keki ya ghorofa mbili na kuku juu yake. Alijaribu kukasirika, hasira ikakataa kuja. Kikamtoka kicheko, na Mama Tabisa naye akaficha mdomo kwa upande wa leso.

Kesho yake Afande alimfuata nyumbani kumpa msaada ambao hakuombwa. "Vita ni vita, Mama Keki," alisema. "Weka askari. Weka bunduki. Mtu akipita pale, asimame wima." Na kwa kuwa Benedicte hakujua askari husimama vipi, Afande alijitolea kuwa mfano. Alisimama uani kifua mbele, ameshika ufagio begani, kofia ya plastiki ya mwendesha bodaboda kichwani, huku kuku halisi wakimdonoa kamba za viatu. Majirani walitazama juu ya ukuta. Benedicte alichora kwa ukali wote aliokuwa nao. Safari hii aliapa pasiwe na mahali popote pa kulamba.

Kwenye kikao cha pili hakuna aliyesikia njaa. Mama Tabisa alimtazama yule askari wa penseli kwa muda mrefu.

"Huyu ni nani?"

"Iko askari, mama. Anaonyesha ushujaa."

"Bwana wangu Kambale hakushika bunduki hata siku moja," akasema Mama Tabisa. Hakupaza sauti. "Hakuna kati yao aliyeshika. Wajukuu wangu wakiuliza huyu ni nani, niwaambie ni babu?"

Benedicte alingoja Afande autetee mchoro, maana ulikuwa na pua yake. Lakini Afande alivua kofia akaiweka magotini.

"Mama anasema kweli," akasema. "Siku ile askari hatukuwepo. Tulifika baadaye. Sisi tulizika tu."

Kikao kikavunjika bila ya kufungwa kwa sala, jambo ambalo kwa Asanasio halikuwa limewahi kutokea.

Msanii aliyeshindwa mara mbili hutafuta wa kumwiga, kwa hiyo Benedicte akapanda gari hadi Kasese, kwa Sowedi, fundi wa kuchonga mawe na mabamba ya makaburi, ambaye ndiye angelichonga bamba lenyewe. Sowedi alikuwa na kitabu cha mifano: mikono iliyoshikana kwa sala, Biblia iliyofunguliwa, mwezi na nyota, mshumaa, na njiwa wa kila umbo. Wateja walichagua kwa namba. Benedicte aliona mzigo ukimtoka begani. Kumbe wenye akili walikwisha kufikiri zamani, kazi yake ilikuwa kuonyesha kidole tu! Kidole kilikuwa tayari kimetua juu ya namba saba, njiwa mwembamba asiye na mapaja, Sowedi alipouliza bila hata kuinua macho kutoka kwenye kazi yake:

"Marehemu wenyewe walikufaje?"

"Waliuawa na waasi."

"Hilo umesema. Nauliza walikufaje. Njiani? Kitandani? Shambani?"

Benedicte aliondoa kidole kwenye namba saba. Alikuwa ameuliza bamba liwe na upana gani. Alikuwa ameuliza ukuta unaelekea wapi ili jua la asubuhi liiangukie theluji yake. Alikuwa amemhutubia mjane kuhusu maana ya mawimbi. Lakini kuuliza watu wale wanne walikufaje, hilo halikumpitia akilini. Aliona aibu kiasi kwamba alijifanya amesikia gari lake linapiga honi, akatoka mbio, na kitabu cha Sowedi kikiwa bado mkononi. Ilibidi arudi kukikabidhi.

Aliporudi Bwera hakupita nyumbani. Alimkuta Mama Tabisa uani kwake akipukuchua maharagwe juu ya turubai. Akaketi chini, akachukua konzi ya maganda, akaanza naye kupukuchua. Wakiwa wawili hawakuhitaji Kiswahili. Kinande cha Butembo na Lhukonzo cha Bwera ni ndugu wa tumbo moja.

"Mama," akasema, "nimechora mara mbili, na sikuwahi kukuuliza. Ilikuwaje?"

Mama Tabisa alisogeza maganda pembeni.

"Tulidhani unajua," akasema. "Hapa kila mtu anajua. Tumezoea hivyo, tukasahau kwamba kuna watu waliokuja baadaye."

Kisha akamweleza. Ilikuwa alfajiri. Kambale aliamka mapema aende shambani, akawaona waasi wakishuka kwa njia ya mlimani. Wakati ule kigango hakikuwa na kengele. Palining'inizwa chuma cha gurudumu la lori kwenye mti, kikipigwa kwa kipande cha nondo watu wakiitwa misa. Kambale alikimbilia pale akapiga. Watu wakatoka vitandani, wakateremka bondeni na watoto.

"Mimi nilikuwa bondeni tayari, na mwanangu Biira mgongoni. Nilimsikia. Alipiga polepole, kwa nguvu, kama anayepasua kuni. Kisha nikasikia risasi, na chuma kikanyamaza."

Aliokota haragwe lililoruka nje ya turubai, akalirudisha.

"Kikaanza tena. Lakini huo haukuwa mkono wa Kambale. Huo ulipiga harakaharaka. Nikajua mume wangu amekufa, kwa sababu mkono umebadilika. Alikuwa ni Mahmood, mwenye duka. Nyumba za juu zilikuwa bado hazijatoka, naye aliziona. Akaanguka yeye, akaja Mbambu, binti aliyekuwa ameolewa juzijuzi tu. Huyo alikuwa ameshafika chini pamoja nasi. Nilimwona kwa macho yangu akigeuka kupanda. Mama mkwe wake alikuwa bado juu, naye ni kiziwi kidogo. Na baada ya Mbambu, akaja mgeni."

"Mgeni gani?"

"Kiiza. Muuza samaki wa Katunguru. Alikuwa amelala barazani kwa Mahmood akingoja siku ya soko. Hakuwa na ndugu hapa, hakuwa na mtu wa kumwamsha. Baiskeli yake ilikutwa imeelekezwa bondeni, samaki wamefungwa tayari. Yeye ndiye aliyepiga muda mrefu kuliko wote. Wa mwisho kutoka nyumba za juu walimpita akiwa bado anapiga."

Benedicte aliendelea kupukuchua mpaka akagundua kwamba anatupa maharagwe na kuweka maganda. Njiwa wake alimjia kichwani, na mapaja yake yote, na safari hii hakumchekesha.

Kile chuma kilikuwepo bado, nyuma ya kigango, kimeegemezwa ukutani chini ya mabati ya zamani. Kimepasuka upande mmoja, na katikati pamebonyea kwa mapigo. Benedicte alipiga magoti kwenye tope akakichora kama kilivyo: ufa, kutu, mabonde ya nondo. Hakuongeza kitu. Palipomwasha mkono auongeze utepe kidogo tu, chini, wa kuvutia jicho, aliukalia mkono huo. Majina aliyapanga chini ya chuma kwa jinsi walivyopokezana: Kambale, Mahmood, Mbambu, na wa mwisho yule mgeni.

Kwenye kikao cha tatu mchoro huo ulipitishwa mkono kwa mkono. Asanasio alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Alisema yeye alikuwa wa nyumba za juu. Kisha, kwa sababu ni mwenyekiti na mwenyekiti lazima aone tatizo, akaona tatizo.

"Huyu wa nne," akasema. "Si mtu wa mtaa. Hata ubini wake hatuujui. Bamba ni la mtaa. Watu watauliza."

"Baba Asanasio," akasema Benedicte, "mie pia siko mutu ya mtaa. Nimetoka Butembo juzi. Kama nikifa nikipiga chuma yenu, mutaniandika ao mutaniacha?"

Asanasio alijikuna kidevu.

"Na wewe usife kwanza, tuna keki ya Pasaka," akasema Afande. "Mwandike huyo wa samaki. Mimi ndiye niliyemzika. Nasema aandikwe. Hiyo ni amri."

Lakini kuandika jina la mtu ambaye jamaa zake hawana habari, Benedicte hakuweza. Alikwenda Katunguru, akaulizia kwa wauza samaki wa pale darajani, mmoja akimtuma kwa mwingine, hadi akafikishwa kwa mwanamke mnene wa makamo aliyekuwa akikaanga ngege kando ya barabara. Jina lake Phionah. Ndiyo, baba yake aliitwa Kiiza. Ndiyo, alikuwa na baiskeli.

"Wewe ni nani?" Phionah akauliza, mwiko hewani. "Ni mtoto wa yule mwanamke wa Kongo?"

"Mwanamke yupi?"

"Yule aliyemwoa huko. Baba alikwenda na samaki, hakurudi. Watu walituambia amevuka mpaka akaoa. Mama alikataa kutamka jina lake mpaka anaingia kaburini. Nyumbani tulimwita yule mwanamume."

Benedicte aliinama karibu na jiko. Akamweleza kama alivyoelezwa, kuanzia mkono wa kwanza hadi wa nne. Samaki waliungua kwenye karai. Phionah hakuwageuza. Baadaye alizima jiko, akaketi juu ya kreti ya soda, akafunika uso kwa kitambaa kilekile cha kushikia karai.

Siku ya kufunuliwa bamba, Benedicte alivaa kitenge kipya na mfukoni akaweka hotuba. Ilikuwa imeandikwa kwenye ratiba: Mama Keki ataeleza maana ya alama. Alikuwa ameiandaa vizuri, ieleze mduara unaonyesha nini na ufa unaonyesha nini, na kwamba mabonde yale ni sauti iliyoganda. Sentensi hiyo ya sauti iliyoganda aliipenda sana. Aliikariri mbele ya kioo mpaka mwanawe akamwomba aache.

Asanasio alivuta kitambaa, kikanasa kwenye msumari. Afande akakinyofoa kwa kisu. Bamba likaonekana, na kabla Benedicte hajanyoosha karatasi yake, bibi mmoja mzee aliyekaa mbele alipiga ukelele, akanyoosha kidole. "Chuma chetu!" Watu wakasimama, wakasogea, wakaanza kuyagusa yale mabonde ya shaba kwa vidole, mmoja mmoja, wazee kwanza, kisha wale waliokuwa watoto wa kubebwa mgongoni siku ile. Wengine walilia. Wengine walianza kusimuliana ni nani alimpita nani njiani. Ratiba ikafa palepale. Benedicte alisimama na karatasi yake kama mtu aliyekuja na mwavuli kiangazi, kisha akaikunja ikawa ndogo kabisa, akaisukuma ndani ya mkoba.

Ndipo Phionah, aliyekuwa amekuja na gari la asubuhi, akamvuta kiwiko.

"Dada," akasema kwa sauti ya chini, "jina la baba si hilo."

Benedicte alitazama. Kambale, sawa. Mahmood, sawa. Mbambu, sawa. Na chini, kwa herufi zilizonyooka mno, shaba ilisema: KIZA.

Kwao Butembo kuna akina Kiza wengi, wa "i" moja, na mkono wake uliandika kwa mazoea. Mchoro ulipita kwa mwenyekiti, kwa Afande, kwa Sowedi, na wote waliziamini herufi za Mama Keki. Krimu ungeifuta kwa kisu ukaanza upya, hata mwenye keki asijue. Shaba ingemcheka mpaka wajukuu wake.

"Nisamehe," akasema. "Mimi ndiye niliyeandika. Nimemwandika baba yako giza."

Phionah alimtazama, mdomo ukacheza, na Benedicte hakujua kama analia au anacheka mpaka alipoona ni vyote viwili.

"Kwenye giza amekaa vya kutosha," akasema Phionah. "Ongezeni 'i' yake."

Bahati nzuri Sowedi alikuwepo, na fundi hasafiri bila patasi. Alipima kwa macho, akatikisa kichwa, akasema nafasi hakuna. Afande akasema itapatikana. Basi Sowedi akapanda juu ya benchi na kuchonga, watu wote wakimtazama na chakula kikipoa, akaibana "i" nyembamba kati ya herufi mbili nene, imeegemea kidogo kama abiria aliyepanda gari likiwa limejaa. Bamba halikuwa zuri tena kama mwanzo. Benedicte alilitazama kwa jicho la fundi likamuuma, akalitazama tena likamuuma kidogo zaidi, akaamua kutolitazama kwa siku hiyo.

Chakula kilipogawiwa, Phionah hakwenda kwenye foleni. Alibaki mbele ya ukuta, akauliza mti wenyewe ulikuwa wapi, na baiskeli ilikutwa upande gani. Benedicte alijua majibu. Alikwisha kuyarudia mara nyingi, na midomo ilimwasha kuyasema. Akauma ulimi, akaenda kumwita Mama Tabisa kutoka jikoni, akamwekea kiti karibu na mgeni. Yeye akachukua birika, akaanza kuwamiminia watu chai.